Kuihuisha Kompyuta ya Nyumbani Iliyozeeka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kompyuta haizeeki yote kwa mpigo. Prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotengenezwa mwaka 2015 inakokotoa leo kwa kasi ileile iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani, mradi tu isichemke. Vinavyochakaa ni vile vinavyozunguka, kukauka na kushika vumbi, yaani diski, feni na krimu ya kupitishia joto. Na kilichobadilika ni mzigo tunaoitwisha mashine, kwa sababu kurasa za intaneti na mifumo endeshi ya sasa hutumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nyingi kuliko ya miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito mara nyingi ana mashine nzima isipokuwa kipuri kimoja au viwili vinavyovichelewesha vingine vyote. Kazi ni kukitambua kipuri hicho, kukibadilisha, kupima matokeo, kisha kuamua iwapo kuna haja ya kuendelea. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na umekusudiwa kwa anayetumia kompyuta kwa nyaraka, barua pepe, video, masomo, na gemu za mapumziko zisizodai mashine ya mashindano. Nimeielekea zaidi kompyuta ya mezani, kwa kuwa ndiyo inayofunguka kwa urahisi, lakini pale laptopu inapotofautiana nimetaja.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa fedha kuliko zote. Washa kompyuta, iache dakika kumi itulie, kisha fungua vitu unavyovifungua kila siku: kivinjari chenye kurasa zako za kawaida, waraka mmoja au miwili, video ikicheza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, uende kwenye sehemu inayoonyesha grafu za prosesa, RAM, diski na kadi ya grafiki (kipuri kinachochora picha za skrini), kisha uendelee na kazi zako huku ukizitupia jicho.

Grafu ya diski ikipanda hadi asilimia 100 na kubaki huko, ilhali kasi ya kusoma na kuandika inayoandikwa chini yake ni megabaiti chache tu kwa sekunde, umempata mhusika. Diski ya sahani inayozunguka ina kichwa kinachopaswa kusogea hadi mahali data ilipo na kusubiri sahani ifike chini yake, na safari hiyo huchukua takribani milisekunde 10 au zaidi kila mara. Kuwasha kompyuta au kufungua programu kubwa ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, kwa hiyo muda mwingi wa diski huishia njiani, wala si kwenye kusoma kwenyewe. Ukiinamisha sikio karibu na kasha utausikia mkwaruzo wake wa haraka haraka wakati kiduara cha kusubiri kinazunguka kwenye skrini.

RAM ikizidi asilimia 85 kwa matumizi ya kawaida, ina maana mfumo unakaribia kuanza kuhamishia sehemu ya data yake kwenye diski, na hapo dalili mbili hujitokeza pamoja: RAM imejaa na diski inahema. Katika hali hiyo usiamue kwa kutazama diski peke yake. Prosesa ikiwa ndiyo iliyoganda kwenye asilimia 100, bonyeza orodha ya programu ili uone ni ipi inayoila, kwa sababu mara nyingine ni programu moja iliyokwama, na kuifuta kunamaliza tatizo bila gharama yoyote. Kadi ya grafiki ikifika asilimia 100 ndani ya gemu, hilo si kosa; ndivyo inavyopaswa kufanya kazi, na swali pekee ni kama gemu inachezeka.

Andika vipimo vyako kwenye karatasi: sekunde ngapi tangu kubonyeza kitufe hadi kivinjari kifunguke, RAM inayotumika, na joto la prosesa likiwa na kazi, ambalo programu ya HWiNFO itakuonyesha. Andika pia vipuri ulivyonavyo. Programu ya CPU-Z hutaja jina la prosesa, jina la ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) na aina ya RAM, na Task Manager huonyesha ni matundu mangapi ya RAM yanayotumika. Mwisho, fungua CrystalDiskInfo utazame afya ya diski. Ikikuonya kwamba kuna sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, acha mengine yote na uanze kunakili faili zako saa hiyohiyo, kwa sababu diski ya namna hiyo inaweza kudumu mwaka mmoja zaidi au isifike kesho.

Hatua ya 2: Amua mfumo endeshi utakaotumia

Swali hili linatangulia ununuzi kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha mpango mzima. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0, uwezo wa Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwasha), RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, na kwa upande wa prosesa inakubali, isipokuwa chache, Intel kuanzia kizazi cha 8 na AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Kabla ya kukata tamaa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya mfumo endeshi), kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu kompyuta inapowaka, utafute kipengele kinachoitwa PTT kwenye mashine za Intel au fTPM kwenye za AMD. Mara nyingi moduli ipo ila imezimwa, na mtu huambiwa kompyuta yake haifai kumbe ilihitaji kuwashiwa kitu kimoja tu.

Prosesa ikiwa kweli ni ya zamani mno, zipo njia za kuilazimisha Windows 11 ikubali. Mimi sizipendekezi kwa kompyuta ambayo familia inaitegemea kwa benki na masomo, kwa kuwa huna uhakika masasisho makubwa yataendelea kuingia. Mashine ya namna hiyo hufanya kazi vizuri kabisa na Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure. Kwa upande wa gemu, kampuni ya Valve ilitoa mwaka 2018 nyenzo iitwayo Proton, inayowezesha gemu nyingi za Windows zilizoko Steam, duka lake la gemu, kuchezwa kwenye Linux bila ufundi wa pekee. Hata hivyo gemu kadhaa za mashindano zenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama vile Valorant na Fortnite, hazichezeki huko. Ikiwa mtoto wa nyumbani anacheza moja ya hizo, zungumzeni kwanza kabla ya kubadilisha mfumo.

Jambo jingine la kuangalia kwa wapenda gemu ni maelekezo ya AVX2 (amri za ziada za ukokotoaji ndani ya prosesa), yaliyoingia kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 mwaka 2013. Baadhi ya gemu mpya hazifunguki kabisa pasipo maelekezo hayo, hata ukiweka kadi ya grafiki yenye nguvu kiasi gani. CPU-Z itakuonyesha kama unayo. Mashine isiyo nayo ninaitendea hivi: naiwekea diski ya SSD (isiyo na sahani inayozunguka) pekee, ambayo siku mashine ikistaafu itahamia kwenye nyingine, na siigharamii zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Weka nakala, kisha uzijaribu

Nakili picha, nyaraka, na chochote kisichopatikana mara ya pili kwenye diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni, ikiwezekana kote kuwili. Kisha fungua faili tatu nne kutoka kwenye hiyo nakala, kwa sababu nakala isiyowahi kufunguliwa haijathibitishwa kuwa ni nakala. Hamisha alamisho na nywila za kivinjari, na uandike orodha ya programu unazozitumia. Iwapo diski yako imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaosimba data ya diski), hakikisha unao ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 mahali pengine nje ya kompyuta hiyo, kwani mabadiliko ya BIOS au ya ubao mama huweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo kabla ya kukuruhusu kuingia.

Hatua ya 4: Fungua kasha na usafishe

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Fanya kazi juu ya meza kavu, si juu ya zulia, na uguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kipuri chochote ili umeme tuli ulio mwilini mwako utoke. Pawa saplai (kisanduku kinachowagawia vipuri umeme) isifunguliwe kwa sababu yoyote; ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Tumia brashi laini na hewa ya mkebe, ukizizuia feni kwa kidole zisizunguke wakati unapuliza. Watu wengi husafisha sehemu inayoonekana na kuishia hapo. Ondoa feni ya prosesa iliyoshikizwa juu ya kipoza joto, utazame kwenye mapezi ya chuma chini yake: kwenye kompyuta ya miaka saba au minane ambayo haijafunguliwa, mara nyingi utakuta tabaka la kijivu lililoshikamana kama kipande cha blanketi, lililofunga njia ya hewa kabisa, huku feni ya juu ikionekana safi. Tabaka hilo likitolewa, prosesa iliyokuwa ikipunguza kasi yake yenyewe ili isiungue hurudi kwenye kasi yake ya asili, nawe utakuwa hujanunua kitu.

Ikiwa joto la prosesa ulilolipima lilikuwa likizidi nyuzi 90, badilisha pia krimu ya kupitishia joto. Kabla ya kung'oa kipoza joto, iache kompyuta ifanye kazi dakika chache ili krimu ya zamani ilainike, ndipo uizime na kuichomoa, kisha ukizungushe kipoza joto kidogo kushoto na kulia badala ya kukivuta moja kwa moja juu. Kwenye mashine za AMD za soketi (tundu la prosesa) ya AM4 na za kabla yake tahadhari hii ni ya lazima, kwani krimu iliyokauka huweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza joto na kupinda pini zake. Futa mabaki kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la krimu mpya lenye ukubwa wa punje ya choroko kubwa katikati, na urudishe kipoza joto kwa kukaza skrubu kwa zamu, pembe moja kisha ile inayoitazama.

Kasha likiwa bado wazi, tazama vichwa vya kapasita kwenye ubao mama. Vikiwa vimevimba au vimevuja uchafu wa hudhurungi, ubao huo unaelekea ukingoni na haufai kugharamiwa. Na kama saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika, badilisha betri ndogo ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye ubao.

Hatua ya 5: Badilisha diski

Ikiwa kompyuta yako bado inatumia diski ya sahani kuendeshea mfumo, hakuna kipuri kingine kitakachoibadilisha kiasi hiki. Diski ya SSD haina kinachosogea, na huifikia data kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwa tayari huwa tayari kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5, inayoingia karibu kwenye kila kompyuta ya mezani na laptopu ya miaka kumi na mitano iliyopita, na kasi yake hufikia takribani megabaiti 550 kwa sekunde. Ya pili ni kipande chembamba kinacholala kwenye tundu la M.2 la ubao mama, kwa kawaida chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Hapa kuna mtego: tundu la M.2 linaweza kuwa la SATA, la NVMe (aina yenye kasi zaidi), au la zote mbili, na ubao wa zamani unaweza kuitambua NVMe kama ghala tu lakini ukashindwa kuwashia mfumo kutoka kwayo. Soma kijitabu cha ubao mama kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua. Ukibaki na shaka, chukua SATA. NVMe za PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya ubao mama ya vipuri vyenye kasi) hufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde, na namba hiyo huwavutia wengi, ila kwa kazi za nyumbani utakaoihisi ni ule ukombozi wa kutoka kwenye sahani kwenda SSD. Kutoka SATA hadi NVMe tofauti ni ndogo mno kuihisi bila kushika saa.

Kuhusu ukubwa, gigabaiti 240 zinamtosha mtu wa nyaraka na intaneti, lakini mcheza gemu atazijaza mapema, kwa hiyo aanzie 500 au terabaiti 1. Diski ya zamani, ikiwa bado ina afya, ibaki ndani kama ghala la picha na filamu.

Unaweza kunakili mfumo mzima kutoka diski ya zamani kwa programu ya bure kama Clonezilla, au kusakinisha mfumo upya. Napendelea kusakinisha upya, kwa sababu mfumo uliorundika programu na mabaki ya miaka minane ukinakiliwa unahamia na taka zake zote. Andaa flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu rasmi ya kutengeneza usakinishaji, hakikisha kwenye BIOS kwamba matundu ya SATA yako katika hali ya AHCI (namna ya kisasa ya kuwasiliana na diski), na wakati wa kusakinisha chomoa kebo ya diski ya zamani kabisa. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini Windows ikikuta diski mbili huweza kuweka kipande chake cha kuwashia kwenye ile ya zamani, na miezi sita baadaye ukiitoa diski hiyo kompyuta haiwaki tena, wala hakuna anayekumbuka kwa nini.

Hatua ya 6: Ongeza RAM, ikiwa vipimo vilidai

Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini ninachokiona kinavumilika leo, na 16 zinatosha nyumba nyingi pamoja na gemu zake. Zaidi ya hapo ni kwa wanaohariri video.

RAM haibadilishani kati ya vizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo lililokatwa mahali tofauti kwenye meno yake, kwa hiyo ya kizazi kimoja haiingii kwenye tundu la kingine, na ikigoma usiilazimishe. Laptopu hutumia vipande vifupi, na baadhi yake zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao isiyoongezeka. Hakikisha kabla ya kulipa. Ni bora vipande viwili vinavyofanana, kwa mfano viwili vya gigabaiti 8, kuliko kimoja cha 16, kwa sababu ubao huvisoma kwa njia mbili sambamba. Asiye na kadi ya grafiki ya peke yake atalihisi jambo hili kwenye gemu kuliko mtu mwingine, kwani grafiki iliyo ndani ya prosesa hutumia RAM hiyohiyo kuchorea picha. Ubao ukiwa na matundu manne, vipande viwili kwa kawaida huwekwa kwenye la pili na la nne kuhesabu kutoka upande wa prosesa.

Fungua vibanio vya tundu, linganisha pengo, kisha bonyeza kwa dole gumba upande mmoja na mwingine hadi usikie mlio mkavu wa kibanio kikijifunga. Nguvu inayohitajika huwatisha wanaoanza. Nimewahi kutumia jioni nzima nikichunguza kompyuta iliyogoma kuonyesha picha baada ya kuongezewa RAM, nikabadilisha kebo, skrini na betri, na hatimaye taa ya tochi iliyopigwa ubavuni ilinionyesha kwamba ncha moja ya kipande ilikuwa imesimama juu ya tundu kwa unene wa kucha. Tangu siku hiyo, kompyuta isipowaka baada ya kuguswa, naanza kwa kuitoa RAM na kuirudisha. Baada ya kuwaka, iache MemTest86 ifanye kazi usiku kucha, na uikubali RAM hiyo ikiwa tu asubuhi makosa ni sifuri.

Hatua ya 7: Kadi ya grafiki, na umeme utakaoilisha

Kwanza jaribu bila kununua. Gemu kama Minecraft, Stardew Valley na nyingine nyingi za miaka iliyopita huchezeka kwenye grafiki ya ndani ya prosesa ukishusha ubora wa vivuli na kupunguza ukubwa wa picha. Ukiona fremu 60 kwa sekunde kwenye skrini ya 60 Hz, huna unachokosa.

Ikiwa haitoshi, anza na pawa saplai kabla ya kutazama kadi yoyote. Soma kibandiko chake: usiishie kwenye wati za jumla, tazama ampea zilizoandikwa kwenye mstari wa volti 12, uzidishe kwa 12, upate wati zinazopatikana kweli kwa prosesa na kadi. Tundu la PCIe lenyewe hutoa hadi wati 75, kiunganishi cha pini 6 huongeza 75, na cha pini 8 huongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisini zilizouzwa tena zina pawa saplai ndogo isiyo na viunganishi hivyo, na wakati mwingine ina umbo na plagi za pekee zisizobadilishana na za kawaida. Mwenye mashine ya namna hiyo atafute kadi inayotosheka na wati 75 za tundu: matoleo mengi ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na ya GTX 1650 ya mwaka 2019 yako hivyo, na kwenye kasha jembamba kuna matoleo mafupi ya kimo. RX 6400 hula umeme kidogo zaidi, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, kwa hiyo kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji kipengele cha Resizable BAR (kinachoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo) ambacho mbao mama nyingi za zamani hazina. Bila hicho utendaji hushuka sana.

Ukilazimika kubadilisha pawa saplai, chukua yenye dhamana na cheti cha 80 Plus, na uzitupe kando kebo zote za ile ya zamani. Kebo zinazochomoka za pawa saplai za watengenezaji tofauti huweza kufanana kwa umbo zikatofautiana kwa mpangilio wa nyaya, na kuzichanganya kumeunguza diski na mbao za watu waliodhani wanaokoa muda.

Pima kwa rula nafasi iliyopo ndani ya kasha kabla ya kununua. Ondoa draiva (programu zinazouwezesha mfumo kuiendesha kadi) za kadi ya zamani, zima, chomoa umeme, ingiza kadi hadi kibanio cha tundu kilie, ikaze skrubu, unganisha umeme wake. Kisha hamisha kebo ya skrini. Nimeshaitwa kutazama kadi "mbovu" isiyoleta tofauti yoyote, nikamkuta mwenyewe amehuzunika kwa fedha alizotoa. Nyuma ya kasha kebo ya HDMI ilikuwa bado imechomekwa juu, kwenye ubao mama, na kadi mpya chini yake haikuwa imeunganishwa na chochote. Tulihamisha kebo sentimita chache kushuka chini, na gemu ileile iliyokuwa ikikwama ikaanza kutiririka.

Kadi iliyotumika inafaa kununuliwa ukiruhusiwa kuiona ikifanya kazi nzito kwa dakika 20 bila madoa kwenye picha wala kompyuta kujizima.

Kuhusu prosesa nitasema machache, kwa kuwa ni mara chache inafaa. Kila ubao mama una soketi yake na orodha yake ya prosesa inazozikubali, na kwa Intel mara nyingi safari huishia kizazi kimoja au viwili mbele. Soketi ya AM4 ya AMD ni tofauti ya kupendeza: ubao ulionunuliwa na Ryzen ya mwaka 2017 mara nyingi hukubali Ryzen ya mfululizo wa 5000 baada ya kusasisha BIOS, na sasisho hilo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado kwenye soketi.

Hatua ya 8: Rekebisha mipangilio, kisha upime tena

Sakinisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa ubao na wa kadi, wala si kutoka kwenye programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mpigo. Kwenye Task Manager zima programu zinazojiwasha pamoja na mfumo usizozihitaji. Ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) ikiwa RAM yako inayo, maana bila hiyo RAM mpya huenda kwa kasi ya chini kuliko ile uliyoilipia. Kompyuta ikianza kuganda, izime XMP kwanza kabla ya kutuhumu kitu kingine.

Sasa itoe ile karatasi ya hatua ya kwanza na urudie vipimo vilevile. Kati ya kipuri na kipuri ipe kompyuta siku kadhaa za matumizi ya kawaida, usiweke vipuri vitatu kwa siku moja, kwa sababu tatizo likitokea hutajua limeletwa na kipi. Ikiwa SSD na usafi vimeshusha muda wa kuwaka kutoka dakika tatu hadi sekunde 25 na RAM inabaki chini ya asilimia 70, kazi imekwisha, hata kama ulikuwa umepanga kununua zaidi.

Diski ya zamani isipobaki ndani ya kasha, ikae wiki nne kwenye droo bila kuguswa, kwani faili iliyosahaulika huwa inakumbukwa kati ya wiki ya pili na ya tatu. Baada ya hapo, kabla ya kumpa mtu, ifute kwa kuandika juu ya diski nzima. Kwenye Windows amri ya clean all ndani ya diskpart (programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri za maandishi) hufanya hivyo, na kwa diski ya terabaiti moja huchukua saa kadhaa. Chagua namba ya diski kwa makini na uisome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, au, salama zaidi, iunganishe kwenye kompyuta isiyo na diski nyingine yenye data unayoitaka.